Figo ya Ottilia

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa ghala la chama cha ushirika, pale Mbinga mjini, ghala ambalo halijaona gunia tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia na mizani zao. Benchi ni mbao za chanja la kuanikia kahawa ambalo mwenyewe aliacha kulihitaji. Mama Vitalia anachemsha kahawa kwenye birika kubwa nasi tunakunywa, ingawa Wamatengo wengi kahawa tunailima tu, kinywaji chetu ni chai. Wenye benchi ni watatu. Mwalimu Pankras, mstaafu, tunamwita Nukta, kwa sababu akimaliza hoja yake husema "nukta" ili asijibiwe. Steven ni Mnyasa wa Mbamba Bay anayeleta samaki wadogo wa ziwani, kwa hiyo ni Usipa. Na Bernadi, ambaye kazi yake ni kupiga dawa mashamba ya watu kwa bomba la mgongoni, huyo ni Mrututu, kwa ile dawa ya bluu ambayo haimtoki kwenye kucha hata siku ya Pasaka. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko kibarazani jirani. Asubuhi hiyo ya Julai ukungu ulikuwa bado chini, vidole vimekufa ganzi, nikaacha suruali ya mtu nusu nikaenda kuota moto kwenye jiko la Mama Vitalia. Laiti ningebaki na suruali yangu.

Aliyeanza ni Usipa.

Usipa: Mmesikia ya Placidi? Yale ya Mapera ni kweli, mwili umeikataa figo.

Mrututu: Figo ipi?

Usipa: Kwani anazo ngapi nzima? Ile aliyopewa na dada yake. Dereva wa basi kaleta habari kutoka Dar. Uso umevimba mpaka macho hayaonekani. Wanamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine yenyewe ina foleni.

Nukta: Nilijua.

Usipa: Ulijua lini, Mwalimu? Alipopelekwa Dar ulisema ana malaria.

Placidi ni mwenzetu. Zamani alikuwa mpanga madaraja ya kahawa ndani ya ghala hilo hilo tunaloliegemea. Figo zake zilipokufa, paroko wa Mapera aliwaandikia marafiki zake wa Ulaya, wakamlipia yeye na dada yake Ottilia kwenda India. Ottilia akakatwa ubavuni, akatoa figo moja, akampa mdogo wake. Walirudi mwaka jana wote wawili kwa miguu yao, kengele ya kanisa ikapigwa. Sasa wale marafiki wa padre wamekubali kulipa mara ya pili, na Praygod, kitinda mimba wao, amesema yuko tayari kutoa ya kwake. Lakini mtu wa huku hapeleki mwili wake kukatwa bila ukoo kusema. Ukoo unakaa kesho Mapera, kwenye kile kikao tunachokiita sengu, ambapo wazee hula chungu kimoja na neno likishasemwa halirudishwi. Wakikataa, Placidi atafia kwenye foleni ya mashine. Hilo kila mtu pale kijiweni alilijua vizuri, na bado wakaanza mchezo wao.

Nukta: Hili ni jambo la kisayansi. Damu ina askari. Kazi yao kulinda mpaka. Wakikuta nyama isiyo ya mwenye mwili, wanashambulia. Hata ikiwa ya dada. Nukta.

Usipa: Askari gani hao hawajui dada wa mtu?

Nukta: Hawana macho. Wananusa.

Usipa: Acha fiksi, Mwalimu. Damu inusanuse kama mbwa?

Nukta: Redio imeeleza. Pale Dar kuna daktari mmoja, mama, anafanya utafiti. Anawafuatilia waliorudi kutoka India na figo za watu. Anawatoa damu, anawauliza maswali. Anataka kujua kwa nini huyu figo inamkaa miaka kumi, na yule inakataa haijafika miwili. Wao wenyewe hawajajua yote.

Usipa: Kama hawajajua, ngoja tuwasaidie. Ile ni figo ya mwanamke. Mwili wa mwanamke una tarehe zake kila mwezi. Sasa figo ikifika tarehe inatafuta wenzake mle ndani, haiwaoni, inasusa.

Mama Vitalia: Wewe ungekuwa unajua mwanamke anasusa nini, mkeo asingerudi kwao Liuli.

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, ilikuwa baridi na kahawa ilikuwa ya moto.

Usipa: Haya, sikilizeni hili basi. Mtu amelazwa usingizi, kafunikwa shuka la kijani, atajuaje wanamwekea nini? Ya Ottilia wameshamuuzia tajiri. Placidi wamempa ya nguruwe.

Mrututu: Ya nguruwe!

Nukta: Hilo la nguruwe msilicheke. Ulaya wanalijaribu, nimelisoma gazetini.

Usipa: Mnaona? Na tangu arudi alikuwa hagusi kitimoto, mnakumbuka? Mtu atamlaje ndugu yake!

Nukta: Alikatazwa mafuta, wewe.

Usipa: Alikatazwa na nani? Na figo!

Mrututu hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe mkononi, akitazama barabara ya Songea ambako mabasi hutokea.

Mrututu: Figo haina kosa. Mwenye kosa ni aliyeitoa.

Nukta: Kivipi?

Mrututu: Ottilia alitoa na kinyongo. Baba yao alipougua, shamba la kahawa la bondeni nani alilipalilia? Ottilia. Mzee alipokufa nani kapewa? Placidi. Dada kaambiwa nenda kwa mumeo. Mnadhani alisahau? Kitu ukikitoa na kinyongo kinaondoka na kinyongo chake. Kimekwenda kukaa ndani ya mgonjwa, kimelala, kimeamka.

Usipa: Eh, hapo umepiga penyewe.

Nukta: Kinyongo hakionekani kwenye darubini.

Mrututu: Ndiyo maana daktari wako anatafuta na haoni! Wazee wa Mapera wanasema hivyo hivyo, na kesho wataamua hivyo. Praygod asikatwe bure. Ugomvi umo ndani ya damu ya nyumba ile, hata mkimpa figo ya nani.

Mama Vitalia: Bernadi.

Mama Vitalia hamwiti mtu kwa jina la ubatizo ila akiwa na hasira. Aliweka birika chini.

Mama Vitalia: Wewe ndiye wa kusema hayo?

Mrututu: Nasema wanayosema wazee.

Mama Vitalia: Na siku ya kikombe, wewe ulisema nini?

Usipa: Mama, ya kikombe tuyaache.

Mimi sikujua siku ya kikombe ndiyo siku gani. Kuanzia Kwaresima mpaka mwezi wa tano nilikuwa Songea kwa mjomba, nashona sare za shule. Nikauliza. Usipa akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Mwalimu akatazama juu kana kwamba mvua inakuja, na Julai huku hainyeshi.

Mama Vitalia: Fundi, unaukumbuka mkono wa Placidi?

Niliukumbuka. Alirudi na vidonge laini vinavyonuka, akaambiwa avinywe asubuhi na jioni maisha yake yote, ili hao askari wa Mwalimu wasinzie na figo ipate kukaa. Vilimwotesha nywele mashavuni, vikamvimbisha fizi, na mikono ikawa inatetemeka. Akishika kikombe, nusu ya kahawa inaishia kwenye shati. Tulimtania sana. Tulimwita Tetemeko, naye alikuwa anacheka pamoja nasi huku anajifuta.

Mama Vitalia: Basi wakamwambia aache dawa.

Nukta: Hakuna aliyemwambia aache. Alishauriwa.

Mama Vitalia: Huyu Bernadi alimwuliza hapa hapa. Placidi, ugonjwa wa chulebuni unaupigia dawa mpaka lini? Placidi akasema, mpaka tunda likishakuwa gumu. Akamwambia, sasa figo yako ina karibu mwaka, unakojoa vizuri, unatembea, tunda limeshakuwa gumu hilo. Bado unapiga dawa ya nini? Unauunguza mti. Mwalimu akasema hiyo ni hoja. Huyu wa ziwani akasema wale walioacha ndio wanaonenepa.

Usipa: Nilisema nimesikia.

Mama Vitalia: Haikupita muda, akaja hapa asubuhi. Akashika kikombe kwa mkono mmoja. Hakikumwagika hata tone. Mkapiga makofi. Mkasema amepona. Na mimi mjinga nikampa cha pili bure.

Nisimwonee Mrututu. Anayelima kahawa anajua kwamba chulebuni hula punje ikiwa changa. Unapiga dawa masika yote, na punje ikishakomaa unatua bomba, maana ugonjwa hauiwezi tena na dawa ni ghali. Kule shambani ushauri wake ni mzuri, umeokoa mavuno ya wengi. Na tangu ushirika uache kukopesha pembejeo, anayekwambia sasa waweza kuacha ndiye rafiki yako. Vidonge navyo vilikuwa vinatumwa kwa basi kutoka Dar, mara vimechelewa, mara vimepanda bei. Placidi alikuwa na masikio yaliyo tayari. Lakini mwili si mkahawa, na mkono uliotulia haukuwa dalili ya kupona. Ulitulia kwa sababu dawa ilikuwa inaisha mwilini na askari wanaamka. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba watu watatu wazima walikuwa wanamtwika mwanamke mzigo wao.

Kabla sijafungua mdomo, Ottilia mwenyewe akatokea upande wa stendi. Alikuwa ametoka kushuka basi la Songea, vumbi mpaka kwenye nyusi, begi bega la kulia na mkono wa kushoto umeshika ubavu, tabia aliyorudi nayo India.

Ottilia: Shikamoo, Mwalimu.

Nukta: Marahaba, mama. Pole na safari.

Usipa: Pole sana, dada. Mgonjwa anaendeleaje?

Ottilia: Yu hai.

Mama Vitalia: Kaa upate kahawa, mwanangu.

Ottilia: Sikai, mama. Landrova ya Mapera imeanza kujaza. Nimekuja kwenu kwa jambo moja tu. Ninyi mlikuwa naye kila siku.

Akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia huko nyuma akamaliza.

Ottilia: Yuko daktari pale Dar, mama mmoja, anafanya utafiti wa figo zilizokataliwa. Ameniweka chini akanieleza bila kunificha. Amesema wako wagonjwa walioacha dawa, mwili ukaamka, figo ikafa, na hao sababu inajulikana. Na wako ambao hawakuacha hata siku moja na bado figo imekataliwa, na hao ndio wanaomnyima usingizi. Akaniambia, ikiwa Placidi aliacha, basi figo ya Praygod inafaa kujaribiwa, wataisimamia vizuri zaidi. Ikiwa hakuacha, huenda mwili wake umeshaijua damu ya nyumba yetu, na ya Praygod itaungua kama yangu. Hawezi kumpeleka kijana wa watu India akakatwe kwa kubahatisha.

Nukta: Na Placidi mwenyewe anasemaje?

Ottilia: Anaapa. Anamwapia daktari kwamba hakuruka hata kidonge kimoja. Aliniangalia hapa ubavuni, akaapa.

Alitutazama mmoja mmoja.

Ottilia: Sasa naomba mniambie. Aliacha, hakuacha?

Barabarani mnunuzi mmoja alikuwa anapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba mizani yake haina wizi. Nilimsikia mpaka akamaliza.

Nukta: Swali lako, mama, linataka uangalifu. Neno kuacha lina...

Mama Vitalia: Mwalimu, nyamaza.

Usipa: Mimi siku nyingi nakuwa Mbamba Bay, dada. Kwa kweli siwezi kusema.

Mama Vitalia alimkazia macho Mrututu. Nami nilimkazia. Niliapa moyoni kwamba asiposema nitasema mimi, ingawa sikuwapo. Kucha zake za bluu zilikuwa zinakwaruza kikombe.

Mrututu: Aliacha.

Ottilia: Kweli?

Mrututu: Tangu kabla ya Pasaka. Alikuwa anavifukia kule bondeni, chini ya mikahawa, mkewe asivione. Mimi ndiye niliyemwambia aache. Nilidhani imeshashika, dada. Nilidhani ni kama kahawa.

Ottilia alikaa. Alikaa pembeni kabisa ya benchi, begi likamteleza begani, akafunika uso kwa khanga na kutikisika bila sauti. Mama Vitalia akaja akamshika mgongo. Tulingoja amlaani Bernadi. Mimi nilitaka amlaani.

Ottilia: Si yangu basi. Haikuwa mbaya figo yangu.

Mama Vitalia: Haikuwa mbaya, mwanangu.

Ottilia: Wazee wameniambia nina kinyongo. Nimesemwa mpaka nikaamini. Nimekwenda kwa padre kuungama kinyongo, mama, nikapewa malipizi nikasali, na kinyongo chenyewe nilikitafuta moyoni sikukiona.

Landrova ilipiga honi. Ottilia akajifuta uso, akasimama, na uso wake ulikuwa na uhai ambao sikuuona alipofika. Akamshika Mrututu mkono, ule wenye kikombe.

Ottilia: Basi twende, kaka Bernadi. Sikulaumu. Utalala kwetu. Kesho useme hivyo hivyo mbele ya wazee, kwamba aliacha dawa. Wakisikia, watamruhusu Praygod, na keshokutwa napiga simu posta kwa daktari.

Mrututu: Wewe waambie.

Ottilia: Mimi ndiye mshitakiwa. Nikisema aliacha, watasema najitetea. Na Placidi mwenyewe ameapa kinyume. Wanataka mdomo wa mtu aliyekuwapo.

Mrututu: Dada, yule mgonjwa... akifa? Hata akipewa hiyo nyingine, akifa?

Ottilia hakumwelewa mara moja. Mimi nilimwelewa. Nusu ya mashamba anayopiga dawa yako Mapera. Neno lake likishasemwa kwenye sengu, Placidi akifa leo au baada ya miaka mitatu, Bernadi ndiye aliyemwua, na hakuna atakayemfungulia shamba lake apite na bomba. Aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Ottilia, akauweka mfukoni.

Ottilia: Mwalimu?

Nukta: Mimi nilisema tu kwamba ni hoja. Sikushauri. Na magoti yangu na ile milima, mama...

Ottilia: Kaka Steven?

Usipa: Kesho napokea mzigo wa samaki. Wataoza.

Mama Vitalia: Mimi naja.

Ottilia: Mama, kwenye sengu wanawake tunapika tu. Mimi na wewe watatuweka kapu moja.

Mama Vitalia: Watuweke.

Alivua aproni, akaifunga fedha yake kwenye pindo la khanga, akalirudisha birika juu ya moto akaliacha. Honi ikalia tena, ndefu. Ottilia hakuondoka. Alisimama mbele ya benchi, begi mkononi, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

Ottilia: Kwa hiyo hakuna anayekuja?

Mimi nilikuwa Songea, ushahidi wangu usingekuwa na uzito; hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilikaa pale nikijiambia mpaka utingo alipomwita kwa jina. Wanawake wale wawili wakapanda nyuma, juu ya magunia ya chumvi, mama akimvuta mwenzake ili asijigonge ubavu. Landrova ikashika njia ya Mapera, ikaingia kwenye ukungu, tukaisikia ikibadilisha gia mlimani.

Tulikaa. Birika lilikuwa linachemka na hakuna wa kumimina. Nilimtazama Mrututu, nikiamini bado angenyanyuka, maana pale kwenye kona gari hupunguza mwendo na mtu mwenye mbio analipata. Hakunyanyuka. Mwalimu alikohoa. Usipa akajikuna shingo, akavuta pumzi.

Usipa: Lakini tusisahau, na maji ya India nayo. Wanasema yana chumvi fulani...

Niligeuka kumtazama Mrututu, nikitegemea atamtukana.

Mrututu: Eh. Hebu endelea.